Nyumba ya mizimu ikifungwa, uvumi unaanza: namna mashabiki wanavyotabiri mabadiliko ya parke za michezo

Tarehe 8 mwezi wa kwanza 2018, nyumba moja kubwa ya mbao upande wa mashariki ya Paris ilifunga milango. Jina lake ni Phantom Manor, nyumba ya mizimu ya Disneyland Paris. Kampuni ilisema ni kazi ya kuitengeneza upya. Maneno hayo yalitosha kuamsha mashabiki: wanaenda kubadilisha nini? Bibi arusi atabaki? Na ile sauti ya zamani itarudi? Maswali yalidumu zaidi ya mwaka, mpaka nyumba ilipofunguliwa tena kwa watu wote tarehe 3 mwezi wa tano 2019.

Tunaposema parke hapa, si parke ya wanyama sawa Virunga. Ni parke ya michezo: uwanja mkubwa wenyi mashini za kupanda, treni za kukimbia milimani, mashua na majumba ya kutisha. Mtu analipa tiketi mlangoni, kisha anazunguka siku nzima. Wakongo wengi wanaoishi Ufaransa na Ubelgiji wanapelekaka watoto wao kule, na picha zinafika mpaka huku kwetu kwa simu.

Kwa wapenzi wa parke hizo, kutabiri mabadiliko ni mchezo ndani ya mchezo. Saa ingine wanapata kweli, saa ingine wanakosea kabisa. Tuangalie namna inavyofanyika, na kwa nini watu wazima wanaweza kulia juu ya mzimu wa plastiki.

Nyumba ya mizimu ni nini?

Ya kwanza katika jamaa hii ni Haunted Mansion, iliyofunguliwa Disneyland ya California tarehe 9 mwezi wa nane 1969. Watu wanaingizwa kwanza ndani ya chumba chenyi picha ukutani. Chumba kinaanza kurefuka polepole, picha zinavutika, na mtu hajui kama ni dari inayopanda ao ni sakafu inayoshuka. Siri yake ni kwamba, California na Paris, chumba hicho ni asansa kubwa inayoshusha watu chini bila wao kutambua.

Kisha wanakaa ndani ya magari madogo meusi yanayofuatana bila kusimama. Gari linamgeuza mtu upande anaopaswa kuangalia. Kunako chumba cha dansi, mizimu inacheza na mtu anaona viti nyuma yao. Ufundi huo ni wa zamani kuliko sinema: kioo kikubwa kinasimamishwa mbele ya watazamaji, sanamu zinafichwa pahali pasipoonekana, na taa zikiwaka, sura zao zinatokea ndani ya kioo. Mwalimu John Henry Pepper aliuonyesha London mwaka wa 1862, na mpaka leo ufundi huo unaitwa kwa jina lake.

Kampuni inasema mizimu inayokaa ndani ya nyumba hiyo ni 999, na kungali nafasi ya mmoja zaidi. Anayealikwa ni mgeni mwenyewe.

Miaka sita ya kimya

Uvumi juu ya nyumba hii ulianza hata mbele haijafunguliwa. Ukuta na dari za Haunted Mansion zilimalizika 1963. Wapita njia waliona nyumba nyeupe, nzuri, lakini imefungwa, na kibao kinachoalika mizimu kuja kupanga humo. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Watu walikuja na watoto, wakarudi miaka mitatu kisha, nyumba ingali imefungwa.

Basi watu wakatafuta maelezo wao wenyewe. Hadithi iliyoenea ilisema kwamba mtu mmoja aliingizwa ndani kwa majaribio, akaona yaliyomo, moyo wake ukasimama kwa woga. Kwa hiyo kampuni imefunga nyumba ili kupunguza vitisho.

Haikuwa kweli. Sababu ya kweli haikuwa na damu hata kidogo. Mafundi walichukuliwa kwenda kutayarisha maonyesho makubwa ya New York ya 1964 na 1965. Kisha Walt Disney mwenyewe, mkubwa aliyekuwa anakata shauri la mwisho, alikufa tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1966. Waliobaki hawakuwa wanapatana vizuri: nyumba iogopeshe watu, ao iwachekeshe? Mpaka leo mtu anayeingia anaona majibu yote mawili. Mwanzo unatisha, mwisho unachekesha.

Mzimu uliopotea

Kisa ambacho mashabiki wanakipenda kuliko vyote ni cha mzimu wenyi sanduku la kofia. Ulikuwa mzee aliyevaa kofia ndefu, ameegemea fimbo, mkono mwingine umeshika sanduku. Kichwa chake kilipaswa kutoweka shingoni na kutokea ndani ya sanduku, kisha kurudi. Uliwekwa 1969 nyumba ilipofunguliwa. Shida ilikuwa taa. Magari yalipita karibu sana, mwangaza ulikuwa mwingi, na watu waliendelea kuona kichwa pale pale shingoni. Haukupita muda mrefu, ukaondolewa.

Kwa miaka zaidi ya 40, mzimu huo uliishi katika mabishano tu. Wengine walisema uko hadithi, haujawahi kuwekwa ndani. Wengine waliapa kwamba waliuona na macho yao. Picha chache za zamani zilitafutwa na kupekuliwa sawa ushahidi kunako tribinali. Kila mara nyumba ilipofungwa kwa matengenezo, swali lilikuwa lile lile: safari hii atarudi?

Mwezi wa tano 2015, Disneyland ilipokuwa inatimiza miaka 60, alirudi. Ufundi mpya ulikuwa umepatikana, na kichwa kilitoweka kweli. Mwisho wa 2023, mwenzake akawekwa katika nyumba ya Florida. Kuna hapa jambo la kushika: utabiri wa mashabiki haukuwa upuuzi, maana kampuni ilijua kwamba watu wanamngojea. Kusubiri kwao kulimpa mzimu thamani ambayo asingekuwa nayo kama angebaki pale tangu 1969.

Sauti ya Vincent Price

Turudi Paris. Phantom Manor ilifunguliwa pamoja na parke yenyewe, tarehe 12 mwezi wa ine 1992. Haikufanywa sawasawa na ile ya Marekani. Iko na hadithi yake ya huzuni: Henry Ravenswood alitajirika na mgodi wa dhahabu, binti yake Melanie akavaa nguo ya arusi, bwana arusi hakuonekana. Melanie anaendelea kungoja na kuzeeka, wakati mtu mwenyi joho na uso wa mfupa anacheka.

Kicheko hicho ni cha Vincent Price, mcheza sinema wa Marekani. Hata anayekosa kujua jina lake anamjua kwa masikio: ni yeye anayesema na kucheka mwishoni mwa wimbo Thriller wa Michael Jackson, wa 1982. Price alirekodi maelezo yote ya Phantom Manor kwa Kiingereza. Lakini nyumba iko Ufaransa. Kisha muda mfupi, sauti yake iliondolewa, ikawekwa ya Kifaransa ya Gérard Chevalier. Price akabaki na kicheko tu, na 1993 akafariki.

Toka hapo, mashabiki walikuwa na maswali mawili. La kwanza: rekodi ile itasikika tena? La pili: huyu mwenyi joho ni nani hasa? Wengine walisema ni baba yake Melanie, aliyekataa binti aolewe. Wengine walisema ni mzimu tu asiyekuwa na jina, na ni heri akae bila jina.

Kufungwa kwa 2018 kukaleta woga. Wengi walihofia nyumba itapoteza huzuni yake, ifanywe ya kuchekesha. Ilipofunguliwa 2019, majibu yakaonekana. Sauti ya Price ilirudi, ikipokezana na Kifaransa cha Bernard Alane. Na mwenyi joho akatambulishwa: ni Henry Ravenswood, baba. Katika chumba kinachorefuka, picha mpya zinaonyesha wachumba wa Melanie wanne, kila mmoja na namna alivyokufa.

Waliotabiri kwamba ni baba walishinda. Hata hivyo si wote walifurahi. Kuna waliosema kwamba kwa miaka 27 kila mtu alikuwa na Phantom wake, na sasa wote wanapewa mmoja.

Mnara mmoja, mwisho mbili

Mashabiki wanatabirije? Si kwa ndoto. Wanachunguza kalenda ya kufungwa, wanapiga picha za ukuta wa mbao unaozunguka kazi, wanatafuta picha zilizopigwa kutoka angani. Marekani, karatasi za ruhusa ya kujenga ziko wazi kwa kila mtu, na kuna wanaozisoma kila siku. Wanasoma pia hati za uvumbuzi, maana fundi akigundua mashini mpya, kampuni inaiandikisha.

Lakini alama inaweza kudanganya. Chukua Tower of Terror, hoteli ya mizimu ambamo asansa inaangushwa na watu ndani. Mwaka wa 2016 uvumi ulisema ile ya California itageuzwa kuwa ya Guardians of the Galaxy. Wengi walikataa kuamini. Mwezi wa saba kampuni ikathibitisha, hoteli ikafungwa mwanzo wa 2017, na tarehe 27 mwezi wa tano mwaka ule ule mchezo mpya ukafunguliwa.

Basi wengine wakapiga hesabu: kama ya California imekwenda, ya Paris nayo itakwenda. Hapana. Mwaka wa 2019 ya Paris iliongezewa hadithi mpya za kutisha, na ikabaki hoteli ya mizimu. Waliotabiri walitumia mfano mzuri, lakini mfano si ushahidi.

Mto Congo ndani ya mchezo

Kuna mabadiliko mengine yanayotugusa karibu zaidi. Mchezo wa mashua unaoitwa Jungle Cruise ulifunguliwa pamoja na Disneyland, mwezi wa saba 1955. Mashua zinapita kunako mito ya dunia, na wetu umo: moja ya mashua za California inaitwa Congo Queen. Harper Goff, mmoja wa waliouchora mchezo, alivutwa na filme The African Queen ya 1951. Sehemu ya filme hiyo ilipigwa hapa kwetu, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo, mukoa wa Tshopo. Sehemu ingine ilipigwa Uganda.

Kwa miaka mingi, abiria wa mashua hizo walionyeshwa watu weusi wenyi mikuki, wabeba mizigo waliokimbizwa na kifaru, na mzee anayeuza vichwa vya watu. Kwa mamilioni ya watoto, hiyo njo ilikuwa picha yao ya kwanza ya mto kama wetu.

Mwezi wa sita 2020, kampuni ilitangaza kwamba Splash Mountain, mchezo uliotoka katika filme ya 1946 iliyolaumiwa kwa namna ilivyoonyesha Waamerika weusi, utafanywa wa Tiana, binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney. Mara moja mashabiki wakauliza: Jungle Cruise haitafuata? Ilifuata. Tarehe 25 mwezi wa kwanza 2021 kampuni ilitangaza mabadiliko, na mwezi wa saba mashua za California zikaanza tena kubeba watu. Mzee wa vichwa hakuwapo. Mashabiki wengine walisikitika kwamba mchezo wa utoto wao umeguswa. Mtu aliyezaliwa kandokando ya mto huu anaweza kujiuliza kwa nini ilichukua miaka 66.

Namna ya kupima uvumi

Hapa kwetu tuna jina la hayo yote: radio trottoir. Inasema mingi, na saa ingine inasema mbele ya wakubwa. Visa hivi vinaonyesha mambo matatu ya kuuliza.

Kwanza, anayesema ameona nini? Karatasi ya ruhusa ni kitu kingine, "nimeambiwa" ni kitu kingine. Pili, kuna sababu ya kawaida inayotosha? Nyumba ya 1963 ilifungwa juu ya kazi na kifo cha mkubwa mmoja, lakini watu walipendelea maiti. Tatu, msemaji anatamani iwe kweli ao anaogopa iwe kweli? Hofu na hamu vyote vinaongeza chumvi.

Na wakubwa nao wako na sehemu yao. Kwa miaka sita wapita njia wa California waliachiwa kibao tu, hakuna aliyewaeleza kwa nini nyumba haifunguki. Hadithi ya yule aliyekufa kwa woga ingali inasimuliwa mpaka leo.