Kibali cha Kujenga na Haki ya Jirani: Mafunzo ya Mji wa Mwanza



Ukimwuliza mtu wa mjini kibali cha kujenga ni kitu gani, aghalabu atakujibu kuwa ni karatasi ya kutozea watu fedha. Atakwambia: kiwanja changu, saruji nimeinunua kwa jasho langu, basi nani mwenye haki ya kuniuliza nitajenga nini na wapi? Jawabu hili lina historia yake, na historia hiyo yafaa kujulikana.

Huenda wewe wakaa Tanga, Lamu au Unguja, ukaona Mwanza ni mbali mno. Lakini watu wa pwani wamelijua ziwa lile tangu zama za misafara, na wana wetu wengi wako huko leo kwa biashara na kazi. Tena yaliyoufika mji ule ndiyo yanayoifika miji yetu ya pwani kila siku. Basi na tuutazame pamoja.

Yafaa tujue kwanza kwamba kuomba ruhusa ya kujenga si jambo lililoletwa na Wazungu. Tunasoma katika tarikh ya At-Tabari kuwa mji wa Kufa, nchini Iraki, ulipoasisiwa katika mwaka wa 17 wa Hijra, yaani 638, watu walijenga kwanza nyumba za matete. Moto ukazuka, ukateketeza nyumba hizo. Hapo watu wakapeleka ujumbe Madina kwa Sayyidna Umar (r.a.) kumwomba idhini ya kujenga kwa matofali. Akawaruhusu, lakini kwa sharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala watu wasishindane kuinua majumba. Kisha mji ukapimwa. Njia kuu zikawekewa upana wa dhiraa 40, zilizofuatia 30, nyingine 20, na vichochoro dhiraa 7. Na dhiraa 7, ambazo ni kama mita 3 na nusu, ndicho kipimo alichokiweka Mtume (s.a.w.) pale watu wanapogombania upana wa njia.

Zingatia mambo mawili hapa. Walioomba ruhusa ni wenye nyumba wenyewe, baada ya kuonja msiba wa moto. Na aliyewapa ruhusa hakuwauliza wao ni watu gani. Aliangalia usalama wao, na kwamba mkubwa asimtambie mdogo. Kanuni ile ya matete na matofali ilikuwa ni rehema kwa wote.

Sasa turudi katika ziwa letu. Mwanza ni mji wa majabali. Vilima vyake vimejaa mawe makubwa yaliyopandana, na katikati ya vilima hivyo ardhi tambarare ni haba. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza Speke, akiongozwa na watu waliozijua njia za misafara ya pwani, alilitazama ziwa kutoka sehemu zile. Mwaka 1892 Wajerumani wakaweka kituo chao pale, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika. Bandari na reli zikakutana, pamba ikawa inapita hapo, na watu wakamiminika.

Serikali ya kikoloni iliugawaje mji huu? Mfano ulikwisha kuwekwa Dar es Salaam. Huko mwaka 1891 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi iliyotaka nyumba za upande mmoja wa mji ziwe za mtindo wa Kizungu tu. Waingereza walipoitwaa nchi wakaiendeleza njia hiyo katika miji ya Tanganyika: eneo la kwanza ni la nyumba za kukaa za mtindo wa Kizungu, la pili ni la maduka na nyumba za mawe, la tatu ni la nyumba za udongo na fito. Na Mwanza nayo ikapata sura hiyo hiyo. Wazungu wakakaa Capri Point, penye upepo wa ziwa. Wahindi wakajenga maduka yao katikati, karibu na bandari na stesheni. Mwafrika akasogezwa nyuma, upande wa mto Mirongo na mabondeni.

Tazama jinsi jambo hili lilivyofanywa kwa werevu. Kanuni ya ujenzi haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitaja saruji na udongo. Lakini aliyeiandika alijua vyema nani ana fedha za saruji na nani hana. Tena yule aliyejenga kwa udongo hakupewa hati ya miaka mingi, alipewa ruhusa ya muda mfupi tu. Na mtu asiye na uhakika wa kukaa atajengaje kwa mawe? Hivyo akakatazwa kuingia mjini kwa sababu nyumba yake ni dhaifu, na akanyimwa kile ambacho kingemwezesha kuiimarisha. Haya yote yakaitwa ni kwa ajili ya afya na usafi.

Hapa ndipo ilipozaliwa ile kauli ya kuwa kibali ni adui. Babu aliyekiona kibali kikimfungia mlango hakuweza kumfundisha mjukuu wake kwamba kibali ni kinga. Alimfundisha kujenga usiku, au kujenga nje ya mpaka wa mji, mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, mgawanyo wa rangi uliondolewa, lakini vitabu vya kanuni havikubadilika kwa siku moja. Sheria ya mipango miji iliyoendelea kutumika ilikuwa ya mwaka 1956, nayo haikufutwa hadi ilipotungwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Katika miaka ya mwanzo serikali ilijaribu kubomoa nyumba duni mijini na kujenga mpya. Ikaonekana kuwa gharama ni kubwa, na nyumba zinazopatikana hazizidi sana zile zilizobomolewa. Mwaka 1972 Baraza la Mawaziri likaamua kuwa makazi hayo yaboreshwe yalipo badala ya kuvunjwa. Kuanzia mwaka 1974, Mwanza ikawa pamoja na Dar es Salaam na Mbeya katika awamu ya kwanza ya mradi wa viwanja na huduma: mwananchi hupewa kiwanja kilichopimwa, chenye njia na maji, akajijengea mwenyewe.

Ulikuwa mpango mwema, lakini viwanja vilikuwa vichache na watu wengi. Katika miaka hiyo hiyo halmashauri za miji zilivunjwa, zikarudishwa mwaka 1978. Kwa muda huo mji ulikosa mlinzi wake wa karibu. Katika hesabu ya mwaka 1967 Mwanza ilikuwa na watu wapatao 35,000. Mwaka 2000 ukawa jiji. Katika sensa ya mwaka 2022 Nyamagana na Ilemela, ambazo kwa pamoja ndizo mji huo, zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1. Watu hawa wangekwenda wapi? Walipanda vilimani: Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugando, Kitangiri. Nyumba ikakaa juu ya jabali, nyingine ikaegemea jabali, na ya tatu ikakaa chini yake.

Ukiitazama Mwanza kutoka ziwani, utaiona nzuri ajabu. Lakini panda huko juu uone. Gari la zimamoto halifiki. Gari la kunyonya vyoo halifiki, kwa hivyo mvua kubwa ikinyesha wapo wanaofungulia mashimo yao, na uchafu ukateremka mlangoni kwa aliye chini. Mgonjwa hubebwa mgongoni. Na akifa mtu, wachukuzi wa jeneza huteremka mmoja mmoja kwa kuinamisha, maana kichochoro hakiwatoshi wawili kwa ubavu. Mawe yamewahi kuporomoka yakaua watu wakiwa wamelala. Mto Mirongo ukifurika, nyumba za mabondeni ndizo zinazolipa.

Basi nakuuliza, ndugu yangu: nani aliyekifinya kile kichochoro? Mkoloni aliwasukuma watu hadi kilimani, hilo ni kweli na tumelieleza. Lakini kichochoro kilichokuwa na upana wa dhiraa 7 kikawa cha dhiraa 2 kwa sababu huyu aliongeza baraza, na yule akaongeza banda la kuku, na wa tatu akaweka ngazi. Kila mmoja alisema, kiwanja changu. Kosa la mkoloni halimhalalishii mtu kumdhuru jirani yake.

Sasa tueleze kwa ufupi utaratibu ulivyo, ili usije ukasema hukuambiwa. Anayetaka kujenga katika eneo la mji hupeleka ramani yake halmashauri pamoja na ushahidi wa kuwa ardhi ni yake. Wataalamu huitazama ramani: wa mipango miji, wa ardhi, wa afya, wa ujenzi. Huangalia umbali kutoka mpakani, mahali pa choo, njia ya maji, na ikiwa matumizi yanalingana na mpango wa eneo. Wakiridhika, kibali hutolewa. Mwenye kujenga bila kibali hatari yake ni ile alama ya X nyekundu ukutani, ambayo wengi wetu tumewahi kuiona.

Na ikiwa eneo limepangwa kuwa la kukaa watu, nawe wataka kuweka duka kubwa, nyumba ya wageni au kituo cha mafuta? Hapo huombi kujenga tu, bali waomba kubadili matumizi ya kiwanja. Hutolewa tangazo la nia hiyo, na bango huwekwa juu ya kiwanja ili jirani mwenye pingamizi aseme kabla ya uamuzi. Kadhalika katikati ya mji, penye vile vijumba vya zamani vya maduka, anayetaka kuinua ghorofa nyingi huulizwa magari yatasimama wapi na maji machafu yatakwenda wapi. Ule wakati wa bango ndio moyo wa sheria yote. Ni wakati wa mwenye sauti ndogo kusikilizwa.

Tena iko kanuni ya ufukwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Wengi waliiona kanuni hii ni choyo ya serikali. Lakini wazee wa ziwa wakikumbuka jinsi maji yalivyopanda mwanzoni mwa miaka ya sitini hadi kilele cha mwaka 1964. Mwaka 2020 ziwa likarudi katika kiasi kile, likaingia katika nyumba, mahoteli na mialo ya samaki. Ziwa halikuuliza nani ana kibali. Lilirudi mahali palipokuwa pake.

Sasa yapo mambo matatu nayataka tuyashike.

La kwanza ni kwa mwenye kujenga. Usiulize tu, ‘Je, nitapata kibali?’ Uliza pia, ‘Je, dirisha langu litafungua uani kwa jirani? Maji ya paa langu yatamwagikia wapi? Je, jeneza litapita?’ Karatasi ya halmashauri haihalalishi dhara. Ukipewa ruhusa ya kujenga baa mbele ya madrasa kwa kuwa umewahonga wakubwa, umepata karatasi, hukupata haki.

La pili ni kwa mwenye kutoa kibali. Amana iliyo mkononi mwako si ndogo. Ukiyachelewesha maombi ya mnyonge miezi na miaka, kisha yakamshinda akajenga bila idhini, nawe ukaja kumpiga X, jiulize ni nani kati yenu aliyeanza kuvunja kanuni. Na ukilibomoa banda la mjane huku ukilifumbia macho jumba la tajiri ndani ya zile mita 60, umeirudisha ile sheria ya mkoloni kwa mlango wa nyuma: saruji hupita, udongo hufukuzwa.

La tatu ni kwa jirani. Pingamizi ni haki, lakini isiwe husuda. Usizuie riziki ya mwenzio kwa kuwa tu duka lake litaishinda biashara yako.

Na tusidhani kuwa mambo yameharibika hata hayatengenezeki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilifungua mlango wa leseni za makazi na wa urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua makazi yaliyojengwa bila mpango. Mwanza ni miongoni mwa miji iliyoifuata njia hii. Kazi hiyo haifanikiwi kwa nguvu za afisa peke yake. Hufanikiwa pale mtaa unapokaa kikao, na mwenye ukuta akakubali kurudi nyuma hatua mbili ili njia ipatikane. Kadhalika katika vilima kama vya Igogo na Mabatini zimetandikwa bomba ndogo za majitaka zinazopita kati ya nyumba na nyumba, kwa kuwa bomba kubwa la barabarani halikuweza kupanda huko. Hapa kanuni imemwinamia mtu, na mtu ameiinamia kanuni. Kila mmoja ametoa kidogo.

Anayerudisha ukuta wake ili watu wapate njia, na asilipwe kitu, ametoa sadaka itakayoendelea kupitwa juu yake hata baada ya yeye mwenyewe kupitishwa hapo akiwa amebebwa. Basi kabla hujachimba msingi, mwite jirani yako mtazame pamoja mpaka. Kisha nenda halmashauri.

Wabillahi taufiq.