Dereva Yuleyule, Barabara Nyingine

Ajali ikitokea, maelezo ya kwanza huwa yaleyale: mwendo kasi, uzembe wa dereva. Sawa, lakini hebu tuangalie Sweden.

Miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na barabara nyingi zenye upana wa mita 13: njia moja kila upande, na lami pana ya ziada pembeni. Nafasi ile iliwashawishi madereva kuovateki, na wengine waligongana uso kwa uso. Mwaka 1997 bunge likapitisha sera ya Vision Zero, yenye lengo kwamba asife mtu barabarani. Mwaka uliofuata, kwenye barabara ya E4 karibu na Gävle, wahandisi waligawa upana uleule kuwa njia tatu: upande mmoja mbili, mwingine moja, kwa kupokezana. Katikati wakaweka uzio wa nyaya za chuma.

Ikawaje? Barabara za aina hii zilipoenea, vifo humo vilipungua kwa takribani asilimia 80. Na madereva hawakugeuka malaika, kwani nyaya zile ziligongwa mara kwa mara! Makosa yalibaki, vifo ndivyo vilivyozuiwa.

Kwa hiyo dereva ana lawama yake, ndiyo. Ila tukiishia kumlaumu yeye tu, barabara inabaki vilevile, ikimsubiri mwingine.