Maneno ya Pasaka: Kiswahili cha Ibada katika Kanisa la Mkunazini, Zanzibar

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili cha Kikristo imezoeleka kuandikwa kama historia ya wamisionari. Krapf, Steere, Madan na Taylor hutajwa kwa majina na kazi zao huorodheshwa kwa miaka. Waumini waliosali kwa lugha hiyo hutajwa kwa jumla tu, kama wapokeaji. Mhadhara huu unakusudia kuitazama historia hiyo kwa upande wa pili, kwa kutumia ushahidi ulio karibu zaidi na mwanaisimu, yaani maneno yenyewe. Maneno yanayochunguzwa ni ya juma moja tu la mwaka, Juma Kuu, linalofikia kilele chake katika sikukuu ya Pasaka. Jumuiya inayochunguzwa ni ya Waanglikana wa Mkunazini, mjini Zanzibar, tangu robo ya mwisho ya karne ya 19.

Hoja inayotetewa ni kwamba lugha ya Pasaka haikuletwa ikiwa imekamilika. Ilijengwa kwa vifaa vilivyokutwa mjini, vingi vikiwa vya Waislamu, vichache vikiwa mabaki ya Wareno, na vilivyobaki vikiwa vya Kibantu. Aidha, neno lililo kiini cha sikukuu hiyo lilibeba uzito wa pekee kwa kuwa waliolitamka walikuwa wamewahi kuuzwa.

2. Mahali na watu

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ilihamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, akifuatana na Dkt. Edward Steere. Muda mfupi baada ya kufika, walikabidhiwa na Sultani Majid wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja la ushemasi mwaka 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa pia mtoto wa utumwani, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo.

Steere alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa mji, Waislamu, na mwaka 1870 vitabu vyake viwili vilitoka: kimoja cha sarufi na msamiati, na kingine cha hadithi alizosimuliwa. Wavulana wa misheni walifundishwa kazi ya kupiga chapa. Kwa hiyo baadhi ya watu wa kwanza kuzipanga herufi za Kiswahili cha kanisa, neno kwa neno, walikuwa watoto waliotoka utumwani.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kusafirishwa kwao baharini. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo katika uwanja wa soko la Mkunazini. Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874, alisimamia ujenzi huo. Alifariki mwaka 1882 na akazikwa nyuma ya altare. Kwa mujibu wa mapokeo ya mahali hapo, altare hiyo imesimama palipokuwa na mti wa kuwafungia na kuwachapa watumwa.

Mambo mawili yahitaji kukumbukwa. Kwanza, mkataba wa 1873 ulikomesha biashara, haukukomesha utumwa wenyewe. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kwa zaidi ya miaka ishirini, basi, waliosherehekea Pasaka Mkunazini walitoka kanisani na kukutana njiani na watu waliokuwa bado mali ya wengine. Pili, wengi wa waumini hao hawakuzaliwa na Kiswahili. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliojifunza lugha hii baada ya kung'olewa kwao. Ushirika wa kwanza wa Kianglikana uliosali kwa Kiswahili Zanzibar ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ushirika wa watu waliokitumia kama lugha ya pili.

3. Saa na siku

Simulizi ya mateso ina nyakati zake. Injili zinasema kwamba giza liliifunika nchi kuanzia saa ya sita hadi saa ya tisa. Msomaji wa Kiingereza huhitaji kuelezwa kwamba saa ya sita hapa ni adhuhuri. Mswahili hahitaji maelezo yoyote. Hesabu yake ya saa, inayoanza na kuchomoza kwa jua, inalingana na ile ya Injili. Ibada ya Ijumaa Kuu inapofanywa kuanzia saa sita hadi saa tisa, kama ilivyo desturi katika parokia nyingi za mapokeo haya, saa ya kitabu na saa ya mji ni moja.

Katika hesabu ya siku, hali ni kinyume chake. Juma la Waswahili lilipangwa kwa kuifuata Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu. Siku inayofuata Ijumaa ni Jumamosi, ya kwanza. Inayofuata ni Jumapili, ya pili. Lakini Injili zinasema kwamba wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma. Kwa hiyo Mkristo wa Kiswahili huadhimisha tukio la siku ya kwanza katika siku ambayo jina lake lasema ni ya pili. Watafsiri waliiacha ibara ya siku ya kwanza katika Maandiko, na waumini wakaendelea kusema Jumapili. Hakuna upande uliosahihishwa.

Kuna jambo jingine katika juma hilo. Jumatano, kwa maana ya jina lake, ni siku ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, jina la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Jumuiya inayofuata ibada za Juma Kuu hupita, pasipo kutambua, katika siku mbili za tano zinazofuatana, moja ya hesabu ya mwambao na nyingine ya hesabu ya Uarabuni.

Ingewezekana kuyabadili majina hayo. Katika Kiswahili cha Kongo, mbali na mwambao, Jumatatu huitwa siku ya kwanza, na Jumapili ina jina lake la pekee. Zanzibar haikufanya hivyo. Misheni iliikuta Ijumaa ikitawala juma, ikaiongezea sifa moja tu ya Kibantu, kuu, na siku ya kufa kwa Kristo ikaitwa Ijumaa Kuu. Neno lililotokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya likawa jina la siku ya msiba wa Wakristo, pasipo kuacha kuwa siku ya sala ya Waislamu mtaa wa pili.

4. Vifaa vya mji

Maneno mengine ya juma hilo yanaonyesha mchanganyiko huohuo. Kanisa, Injili, msalaba, kusulubiwa na kaburi yana asili ya Kiarabu. Kwaresima ni ya ukoo wa neno la Kilatini lenye maana ya arobaini. Lakini kitendo kinachofanywa katika siku hizo arobaini ni kufunga, kitenzi kilekile cha Kibantu anachokitumia Mwislamu katika Ramadhani. Katika Alhamisi Kuu, Bwana huketi mezani, na meza ni neno la Kireno.

Wareno waliacha pia neno la kanisa lao, igreja, lakini historia ililigeuza. Wanaisimu wengi wanalichukulia neno hilo kuwa asili ya gereza. Zanzibar, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na kwa muda ilikuwa kifungo. Hivyo, Waanglikana walipohitaji jina la nyumba yao ya ibada, jina la Kireno lilikuwa limekwisha kuwa la mahali pa kufungia watu. Walilichukua neno walilolitumia Waislamu kuwataja Wakristo na nyumba zao, yaani kanisa.

Mfano ulio muhimu zaidi unahusu ufufuo. Kiarabu kilikuwa na neno kiyama, ambalo Wakristo wa Uarabuni hulitumia pia kwa kufufuka kwa Kristo. Lakini katika miji ya Waswahili, Kiyama ilikuwa Siku ya Mwisho, siku ya hesabu na ya hofu. Kumtangaza mtu mmoja aliyekwisha toka kaburini, alfajiri, huku dunia ikiendelea, kulihitaji neno jingine. Lilipatikana katika Kibantu: kufufuka, kitenzi chenye uhusiano na mzizi wa kufa na chenye umbo la kutendua, kama fungua lilivyo kwa funga. Anayefufuka ametenduliwa kifo. Neno kiyama halikutupwa: Biblia ya Union Version inalitumia kwa ufufuo wa wafu wote. Lugha ikawa na maneno mawili, na mgawanyo wake ni wa maana kiteolojia: moja kwa wafu kwa jumla, lililoshirikiwa na majirani, na jingine kwa habari ya Jumapili ile.

5. Mkombozi

Pasaka ya Kiyahudi, ambayo sikukuu ya Kikristo imerithi jina lake, ni kumbukumbu ya kutoka utumwani. Katika makanisa mengi duniani maana hiyo hufundishwa kwa mfano. Mkunazini haikuhitaji mfano.

Kitenzi komboa kilikuwa neno la maisha ya kila siku kabla ya kuwa neno la dini. Mtu aliyeweka rehani kitu chake alikikomboa kwa kulipa. Mtu aliyetekwa alikombolewa kwa fidia. Mtendaji wa kitenzi hicho ni mkombozi. Watafsiri walipompa Kristo jina hilo, walikuwa wakitafuta neno litakalobeba istilahi ya Maandiko ya kununua tena. Masikioni mwa kijana wa Kiungani au mwanamke wa Mbweni, ambako misheni ilikuwa na shule na makazi ya watu waliotolewa utumwani, neno hilo halikuwa istilahi. Lilitaja tukio lililompata, lenye bei na mashahidi.

Hapa ndipo dhana ya waumini kama wapokeaji inapokosa nguvu. Mtafsiri aliweza kuchagua neno. Hakuweza kulipa uzoefu uliolifanya lieleweke. Uzoefu huo ulikuwa wa waliokuwa kwenye viti vya kanisa. Hata hivyo isidaiwe kwamba walikombolewa wakawa huru kwa kila namna. Waliishi chini ya nidhamu ya misheni, katika mashamba na shule zake, na sauti zao zimetufikia kwa kiasi kikubwa kupitia kalamu za Wazungu. Neno mkombozi lilikuwa pia deni: lilipima kila mwaka umbali uliobaki kati ya kinachosomwa kanisani na kinachoonekana nje.

6. Kutoka Unguja kwenda bara

Lugha hii haikubaki kisiwani. Mwaka 1876 Steere aliwaongoza watu waliokuwa watumwa hadi Masasi, na Kiswahili cha ibada kikafika kati ya Wayao na Wamakua, yaani kikarudi kwa ndugu wa wale waliokijifunza Zanzibar kwa sababu ya utumwa. Biblia nzima katika Kiunguja ilikamilika mwaka 1891.

Upande wa kaskazini, misheni ya CMS ilikuwa na mapokeo mengine. Mombasa walikuwa na Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, na Biblia katika lahaja hiyo ilichapishwa mwaka 1914. Tofauti ilikuwa pia ya ibada. UMCA ilipenda uvumba, maandamano na misa. CMS ilipenda unyenyekevu wa neno na mahubiri. Mwaka 1913, baada ya ibada ya pamoja ya Ushirika Mtakatifu iliyofanyika Kikuyu kwa kuwahusisha Waprotestanti wengine, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Mgawanyiko huo umeacha alama katika msamiati: anayeongoza Pasaka huitwa Padre, kwa neno la Kireno, palipokuwa pa UMCA, Mchungaji, kwa neno la Kibantu, palipokuwa pa CMS kama Dodoma, na Kasisi, kwa neno lililopitia Kiarabu, hasa nchini Kenya.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kazi za Steere na wenzake zilikuwa miongoni mwa sababu zilizoipa Kiunguja nafasi hiyo. Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ikawaunganisha wasomaji wa pande zote mbili; Kimvita cha kanisa kililipa gharama ya umoja huo.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu unatoa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba si sahihi kukigawa Kiswahili cha dini katika vyumba viwili, cha Kiislamu na cha Kikristo, kana kwamba havina mlango kati yake. Ijumaa Kuu, kufunga na kiyama ni ushahidi kwamba Wakristo wa Mkunazini walisali kwa lugha ya mji wao wote. La pili ni kwamba mwandishi wa historia ya lugha hana budi kuuliza, pamoja na nani alilitafsiri neno, nani alilisikia mara ya kwanza na lilimkumbusha nini.

Majina ya waliosikia hivyo hayapo katika vitabu vya sarufi. Daftari za ubatizo, makaburi ya Mbweni na simulizi za wazee wa Masasi vinaweza kuyaongeza. Kazi hiyo inawangojea wanafunzi wa Kiswahili, na ifanywe mapema, kwa kuwa wazee hawangoji na karatasi za mwambao huliwa na mchwa.