Brauza yako: uliichagua mwenyewe au uliikuta tu?

Ukiacha kuandika hapa, mimi huwa nashika zamu kwenye steshenari ya mjomba. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Mteja akija analalamika kwamba fomu imegoma kwenye simu yake, swali langu la kwanza huwa ni hili: "Unatumia brauza gani?" Jibu ni lile lile kila siku: "Natumia Google." Nikiishika simu yenyewe nakuta mara ni Chrome, mara ni Opera Mini, mara ni kidude fulani alichokikuta humo siku aliyoinunua. Mwenyewe hana habari.

Siwacheki hata kidogo. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, na ilinigharimu mwaka mzima. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane. Kivinjari, au brauza kama tunavyosema kijiweni, ni programu inayokwenda kuchukua ukurasa kwenye seva ya mbali na kuuchora kwenye kioo chako. Google ni tovuti ya kutafutia vitu, na Chrome ni kivinjari kilichotengenezwa na kampuni hiyo hiyo. Unaweza kuifungua Google ukiwa ndani ya Firefox, Safari, Opera, popote. Tofauti hii inaonekana ndogo kama punje ya ulezi, lakini ndani yake kuna mabilioni ya dola, na hayo siyo maneno yangu, yamesemwa mahakamani Marekani.

Sasa twende kwenye swali lenyewe: kwa nini mtu anatumia hiki na siyo kile? Ukiwauliza mafundi watakwambia kasi, usalama, mwonekano. Mimi nikiangalia historia yote naona jambo moja kubwa zaidi: watu wengi hawachagui, wanatumia walichokikuta. Wale wachache wanaohama, wanahama siku wanapobanwa na kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ni mfuko.

Tuanzie Marekani mwaka 1993. Marc Andreessen na Eric Bina, wakiwa Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa kivinjari kinaitwa Mosaic. Vivinjari vilikuwepo kabla yake, cha kwanza kabisa alikiandika Tim Berners-Lee mwaka 1990, ila Mosaic kilionyesha picha pamoja na maandishi kwenye ukurasa mmoja na hata asiye mtaalamu aliweza kukisakinisha. Mwaka uliofuata Andreessen na Jim Clark wakaanzisha kampuni ya Netscape. Hapo ndipo unaweza kusema watu walichagua kweli, maana Netscape ulikuwa unaifuata mwenyewe, unaipakua au unainunua.

Agosti 1995 Microsoft wakatoa Internet Explorer. Haikuchukua muda ikawa bure. Na baada ya muda ikawa inakuja ndani ya Windows yenyewe. Hebu fikiria: umenunua kompyuta, umeiwasha, ile herufi "e" ya bluu iko pale inakusubiri. Nani atakaa na laini ya simu ya mezani usiku kucha anapakua kivinjari kingine? Netscape nao Januari 1998 wakatangaza kukitoa bure, lakini maji yalishamwagika. (Tuwe wakweli pia: toleo la nne la Netscape lilikuwa zito na linakwamakwama, kwa hiyo siyo kila aliyehama alilazimishwa.) Serikali ya Marekani ilifungua kesi Mei 1998, na mwaka 2000 jaji akaamuru Microsoft ikatwe vipande viwili. Mahakama ya rufaa ikaufuta mkato huo mwaka 2001, pande mbili zikapatana. Wakati huo Explorer ilishapita asilimia 90 ya watumiaji.

Kilichofuata ndicho kinachonichekesha. Baada ya kushinda, Microsoft wakalala. Toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likaja 2006. Miaka mitano! Ndani ya miaka hiyo virusi na matangazo yanayojifungua yenyewe vikatawala dunia.

Mjomba wangu aliendesha intaneti kafe enzi hizo, kabla haijawa steshenari. Anasema kila jioni kazi yake ilikuwa kusafisha mashine. Mteja anafungua ukurasa mmoja wa mpira, yanaruka madirisha kumi ya kamari na dawa. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004, ikiwa imejengwa juu ya msimbo ambao Netscape waliufungua kabla hawajafa, rafiki yake alimletea kwenye sidii. Ilikuwa inazuia yale madirisha ya matangazo, na unaweza kufungua kurasa nyingi kama vichupo ndani ya dirisha moja. (Opera walikuwa na vichupo zamani, lakini hadi 2005 ilibidi ulipe au uvumilie tangazo juu ya kioo.) Mjomba akaiweka kwenye mashine zote, akaificha ile "e". Asubuhi yake wateja wakamjia juu: "Intaneti iko wapi?" Kwao "e" ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe! Alichofanya mjomba, akaipa Firefox picha ya ile "e" ya bluu na chini akaandika "Intaneti". Kelele zikaisha. Mpaka leo kuna watu walitumia Firefox miaka mitatu pale kafe bila kujua kama iliwahi kuwepo.

Sijawahi kupata mfano bora wa somo hili kuliko huo. Aliyechagua ni mjomba, tena kwa sababu ya kuchoka kusafisha virusi. Wateja walichagua picha.

Kwenye simu ndipo watu wetu walipochagua wenyewe kwa akili zao, na sababu ilikuwa vocha. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, bei yake ya kutisha, na hata baada ya hapo bando haikushuka kwa usiku mmoja. Simu nyingi zilikuwa za batani. Kampuni ya Opera ya Norway ilijaribu Opera Mini nchini kwao 2005, ikaitoa dunia nzima Januari 2006, na ikawa inaingia hata kwenye kisimu cha Java cha bei ndogo.

Ujanja wake ni huu. Vivinjari vingine vinakwenda kwenye tovuti moja kwa moja na kubeba kila kitu. Opera Mini inamtuma seva wa Opera. Seva anauchukua ukurasa, anauchora huko huko, anaukamua, kisha anakuletea kifurushi kidogo. Opera wenyewe walisema akiba inaweza kufika asilimia 90. Yaani ukurasa wa kilobaiti 500 unafika kwako kama kilobaiti 50. Kwa mtu anayekatwa kwa kila anachopakua, hiyo siyo teknolojia, hiyo ni nauli ya daladala ya kesho. Ndiyo maana ilienea shuleni bila tangazo lolote, mwanafunzi akimrushia mwenzake kwa bluutuuth.

Lakini kila cha bure kina mahali kinapokula. Ule mtindo wa kubana sana una hasara mbili. Ya kwanza, ukurasa umechorwa kwenye seva, kwa hiyo seva analazimika kuufungua kabla ya kukuletea. Neno siri unaloliandika linapita kwake. Opera hawajalificha jambo hilo, lakini ukiwa unaingia benki ni vizuri ulijue. Ya pili, kurasa zenye mambo mengi ya kubonyeza na kupakia mafaili huwa zinagoma, kwa sababu ule msimbo unaotakiwa kufanya kazi kwenye simu yako umeshaishia huko kwenye seva.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonimaliza. Nilipomaliza kidato cha nne niliomba nafasi chuo fulani, maombi yote mtandaoni. Siku ya mwisho nilikuwa kijijini kwa bibi, bando la megabaiti chache, nikaweka Opera Mini kwenye kubana kabisa ili zitoshe. Nikajaza kurasa zote. Nafika kwenye kupakia cheti cha kuzaliwa, nabonyeza, kimya. Nabonyeza "Tuma", ukurasa unarudi ulipotoka. Nikasema mtandao wao umejaa. Nikasema labda cheti changu kibaya, nikapiga picha upya. Mpaka saa sita usiku. Asubuhi nimefika mjini, mjomba akafungua kwenye kompyuta, ukurasa ukafunguka vizuri kabisa na ukasema muda wa maombi umekwisha. Hakuna aliyenikosea. Programu ilifanya kazi iliyotengenezewa, mimi nilikuwa sijui ni kazi gani. Nilikaa nyumbani ule mwaka, na ndivyo nilivyoanza kushika zamu hapa. Siku hizi mteja akiniambia fomu imegoma, simwambii mtandao umejaa. Nazima kwanza kubana data, nikishindwa nabadilisha brauza, na mara nyingi cheti kinapanda.

Turudi kwenye kompyuta. Septemba 2008 Google wakatoa Chrome. Ilikuwa nyepesi kwelikweli, na kila kichupo kilijitegemea, kimoja kikifa vingine vinabaki vinadunda. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Ila pia ilitangazwa kwenye ukurasa wa mbele wa Google, mahali ambapo karibu dunia nzima inapita kila siku, na baadhi ya programu za bure zilikuja nayo, kisanduku kimeshawekewa alama ya ndiyo. Mwaka 2012 hesabu za StatCounter zikaonyesha imeipita Explorer. Halafu zikaja simu za Android na Chrome ikiwa tayari humo ndani. Mchezo ule ule wa 1995, mchezaji mwingine. Leo Chrome inashika kama theluthi mbili ya dunia, Safari inafuata kwa sababu ya iPhone, Firefox imebaki na asilimia chache tu. Explorer yenyewe Microsoft waliizika rasmi Juni 2022.

Ulaya walijaribu dawa. Kuanzia 2010 Microsoft walilazimishwa kuonyesha ukurasa wa kuchagua kivinjari, wakaacha kuuonyesha kwenye mamilioni ya kompyuta, na Machi 2013 wakapigwa faini ya yuro milioni 561.

Sasa yale mabilioni. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilijulikana kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliwalipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo mashine ya kutafutia inayokutwa ndani ya Safari. Bilioni ishirini kwa kitu ambacho mtu anaweza kukibadilisha kwa kubonyeza mara tatu! Wanalipa kwa sababu wanajua hatabonyeza. Hukumu ya Jaji Amit Mehta ya Agosti 2024 ina mfano mtamu: kwenye Edge, kivinjari cha Microsoft, ambako unaikuta Bing, kama asilimia 80 ya utafutaji unafanyika kwa Bing. Hiyo hiyo Bing ambayo kwingine watu wanaikimbia. Septemba 2025 jaji huyo alikataa kuilazimisha Google iiuze Chrome, ila akapiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine mlango.

Na kuna jambo wengi hawalijui: hata ukihama, huenda hujahama. Opera waliachana na injini yao wenyewe mwaka 2013, Edge nao wakafuata Januari 2020. Hao pamoja na Brave na Vivaldi wote wanaendesha injini ile ile ya Chrome, wamebadilisha bodi na rangi. Firefox ana yake, Safari ana yake. Na huyo Firefox mwenyewe sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwa Google, kwa kuiweka kama mashine ya kutafutia. Ndiyo dunia hiyo.

Wateja wakiniuliza waweke ipi, nawauliza wanataka kufanya nini. Kusoma habari na bando dogo, Opera Mini bado haina mpinzani, niliyepoteza mwaka ndiye ninayesema. Fomu, benki, na chochote cha kupakia mafaili, tumia Chrome au Firefox bila kubana data. Matangazo yanakukera, Firefox kwenye Android inakubali viongezo vya kuyazuia. Ukiwa steshenari kwenye mashine ya watu wote, fungua dirisha la faragha na ukimaliza lifunge, ili neno siri lako lisibaki humo. Lakini usidhani dirisha hilo linakuficha kwa tovuti unazozitembelea. Halikufichi. Mwaka 2024 Google walikubali kufuta rekodi nyingi za watu waliovinjari humo wakiamini hawaonekani.

Haya, kabla hujaandika maoni yako hapo chini, ingia kwenye mipangilio ya simu yako, tafuta palipoandikwa programu chaguo-msingi, utuambie umekuta jina gani pale. Na kama ni wewe uliyeliweka.