Farasi Aliyejipiga Picha

Kidole cha binadamu huchelewa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, na katika muda huo farasi wa mbio amekwisha kupita mita tatu. Watu walibishana miaka mingi kama farasi akimbiapo huinua miguu yote minne kwa pamoja.

Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia, akatandaza nyuzi kuikatiza. Farasi alikata uzi mmoja baada ya mwingine, na kila uzi ukafyatua kamera yake. Naam, ndugu msomaji, farasi alijipiga picha mwenyewe! Kwato zote zilionekana zi hewani, zimekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji walizoea kuzinyoosha mbele na nyuma.

Wanachuo wangu waliisifu kamera. Mimi niliusifu uzi. Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kipande cha silikoni cha kupokea mwanga, na baadaye filamu ikatoka maabara. Uzi haukutoka. Leo tone la maji huanguka likakatiza mwali wa mwanga, waya ukapeleka ishara, kamera ikafunguka.