Nyumba isiyopigwa lipu

Wadau, leo siasa tuziweke kando. Jumamosi ijayo fundi anachimba msingi wa nyumba ya Mzee kule Kibaha, na kabla jembe halijagusa ardhi tumeshagombana. Mzee amestaafu ualimu, kiinua mgongo kimeingia, na pesa hiyo haiji mara mbili. Ugomvi wenyewe ni ukuta wa nje.

Fundi ametupa njia tatu. Ya kwanza ni ile ya kila mtu: matofali ya saruji ya inchi 6, lipu nje na ndani, halafu rangi. Ya pili ni kuta mbili zinazosimama pamoja: ndani matofali ya saruji, nje safu ya matofali ya kuchoma yanayobaki wazi, katikati uwazi mdogo, na vipande vya waya vya kuzishikanisha. Ya tatu ni matofali ya kufungamana, yale ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwenye mashine bila kuchomwa. Akaongeza: "Mkitaka ya pili mniambie sasa. Ile safu ya nje inahitaji pa kukaa, kwa hiyo msingi uwe mpana. Nikishamwaga zege, basi tena."

Mimi nikachagua ya pili. Mzee akaniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa namba. "Unataka majirani waseme mwalimu aliishiwa hela kabla ya lipu?"

Swali hilo limenikosesha usingizi. Kwa nini hapa kwetu tofali likionekana, nyumba inahesabiwa haijaisha? Uingereza mtindo wa kuta mbili ulianza kutumika karne ya 19 na kuenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu za mvua tu: tofali la nje likilowa, maji yanashuka kwenye uwazi na kutokea vitundu vya chini, ukuta wa ndani unabaki mkavu. Na tofali lenyewe huachwa wazi, hakuna anayemcheka mwenye nyumba. Aibu yetu sisi imetoka wapi?

Nadhani imetoka pwani. Nendeni Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, jumba la Husuni Kubwa likafuata mwanzoni mwa karne ya 14. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo. Mawe hayo hayana umbo. Yamejaa matundu na yanakunywa maji. Ukiyaacha wazi mvua itaingia mpaka ndani, kwa hiyo ukuta ulivikwa lipu ya chokaa, ukawa mweupe. Lipu ilikuwa koti la mvua kabla haijawa urembo.

Lakini koti likawa cheo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za mbao. Maana yake, au angalau mimi ninavyomsoma, ni kwamba walioishi ndani ya mawe na chokaa walikuwa wachache. Wengine walikuwa kwenye miti na udongo. Kwa karne nyingi, kutoka Lamu hadi Kilwa, ukuta mweupe ulisema huyu ni mwungwana, na ukuta wa udongo ulisema yule siye. Hilo ndilo tulilorithi, hata sisi ambao babu zetu hawakuijua bahari.

Bara hadithi ni nyingine. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, misheni ikachomwa moto katika vita vya Majimaji mwaka 1905, wakajenga upya. Nyanda za juu kusini zina udongo mzuri wa mfinyanzi na kuni, na wamisionari walieneza ujenzi wa tofali la kuchoma. Tofali lililoiva vizuri halihitaji koti. Ndiyo maana ukipita Songea, Njombe au Iringa unaona madarasa na makanisa mekundu yasiyojua lipu, na yamesimama.

Halafu ikaja saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na taratibu mfuko wa saruji ukachukua cheo cha chokaa. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika waziwazi kwamba watu wamenogewa na saruji na bati kiasi cha kukataa matofali ya kuchoma na vigae vinavyoweza kutengenezwa hapo hapo walipo. Kwake hiyo ilikuwa akili iliyopooza: saruji nayo ni udongo, ila tunaiheshimu kwa kuwa ni udongo wa Ulaya.

Nilimsomea Mzee hayo nikijua nimeshinda. Sikushinda. "Mwalimu alisema kweli," akajibu, "lakini kuni hakuzihesabu." Na hapo, wadau, alinipata. Tanuri la matofali linakula miti, na vilima vingi vimebaki vipara kwa sababu yake. Tena Kibaha si Songea. Tofali zuri litasafiri kwa lori kutoka mbali, na mengine yatavunjika njiani. Ndiyo maana Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza yale ya kufungamana.

Tukanyamaza. Kisha Mzee akaanza kusimulia, jambo asilolifanya mara nyingi. Miaka ya 1970 alikuwa shule ya msingi huko kwetu Ruvuma. Elimu ya kujitegemea, kila mtoto na ndoo yake. Walibeba maji kutoka mtoni, wakakanyaga udongo kwa miguu, wakafyatua, wakachoma, wakajenga darasa. "Lipo mpaka leo," akasema. "Halina lipu. Hakuna aliyewahi kuniambia halijaisha."

Alipomaliza aliomba simu, akampigia baba mdogo Songea kuuliza bei ya tofali.

Uamuzi ni huu: msingi utapanuliwa upande wa mbele tu, barazani, ambako patasimama safu ya matofali ya kuchoma, wazi. Pande tatu zilizobaki ni saruji na lipu kama kawaida, maana kiinua mgongo nacho kina mwisho. Nilimkumbusha kwamba mbele ndiko majirani wanakopita. "Ndiyo," akasema. "Wakiuliza, nitawaeleza nilivyobeba maji."

Wewe unayejenga, au unayeota kujenga: ukuta wako wa nje unamwogopa nani, mvua au jirani? Niambie kabla ya Jumamosi.