Viazi vya Kuponda, Uyoga na Chikanda: Historia ya Vyakula vya Chini ya Ardhi

Leo hatutazungumza habari za mbolea wala dawa ya wadudu. Tutazungumza habari ya sahani moja ya chakula. Tutauliza ilitoka wapi, ilipitia mikono ya nani, na mkulima anapata nini ndani yake.

Sahani yenyewe ni hii: viazi mviringo vimechemshwa, vikapondwa mpaka vikawa laini, vikatiwa siagi na maziwa, halafu vikanukishwa kwa uyoga wa Ulaya uitwao trufeli. Katika mahoteli makubwa ya dunia watu hulipa fedha nyingi kwa vijiko vichache tu vya chakula hicho. Mkulima akisikia bei yake atasema, "Kumbe ni viazi vile vile!" Naam, ni viazi vile vile. Lakini viazi hivyo vina historia ndefu, na historia hiyo ina mafunzo kwetu sisi tunaoshika jembe.

KIAZI KILITOKA WAPI

Kiazi mviringo hakikuanzia Ulaya, ingawa wazee wetu walikiita kiazi ulaya. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, nchi za Peru na Bolivia za leo. Wakulima wa huko walianza kukilima maelfu ya miaka iliyopita. Ni wakulima wadogo kama wewe na mimi, wenye vishamba vya mteremkoni, waliochagua mbegu mwaka baada ya mwaka mpaka wakapata aina nyingi za kila rangi.

Watu hao ndio pia walioanza kukiponda. Walivitandaza viazi nje usiku vigande kwa baridi kali ya milimani, mchana wakavikanyaga kwa miguu ili maji yatoke, kisha wakavianika juani. Vikishakauka vilikaa ghalani miaka mingi bila kuoza, na wakati wa njaa walivitwanga na kuvipika. Waonaje, ndugu mkulima? Hifadhi ya chakula ilikuwapo kabla ya kiwanda chochote.

Wahispania walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 16 walikichukua kiazi wakakipeleka Ulaya. Huko hakikupendwa upesi. Wengine waliona ni chakula cha nguruwe, wengine wakaamini kinaleta ukoma. Katika Ufaransa alikuwapo mfamasia mmoja, Antoine Parmentier. Huyu alikamatwa vitani na Waprusi, na gerezani akalishwa viazi. Akaona kwamba havikumdhuru. Aliporudi kwao alitumia maisha yake kuwashawishi Wafaransa wavile. Mpaka leo Wafaransa wana chakula cha nyama iliyofunikwa kwa viazi vya kuponda, nacho hubeba jina lake Parmentier.

Lakini kiazi kilileta pia msiba. Nchini Ireland maskini walikitegemea mno, tena wengi wao walilima aina moja tu. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu, ule tunaouita baka chelewa. Majani yakawa meusi, viazi vikaoza ardhini. Mpaka njaa ile ilipokwisha, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni wameikimbia nchi. Ugonjwa ule ule ulifika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1940, na mpaka leo ndio adui mkubwa wa viazi katika nyanda za juu wakati wa mvua. Funzo la kwanza ni hilo: usiweke roho yako kwenye mbegu moja.

KUFIKA KWETU

Kwetu Tanzania kiazi mviringo kililetwa na Wazungu, wamisionari na walowezi, zama za Wajerumani. Wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, wakaeneza vituo vyao sehemu nyingi za nyanda za juu kusini. Kila kituo kilikuwa na bustani. Mbegu ilitoka bustanini ikaingia mashambani, na kiazi kikakubali milima yetu yenye baridi na udongo wa volkano. Uporoto, Umalila, Makete na Njombe zikawa nchi za viazi.

Hata hivyo, kiazi kilikuwa chakula cha nyumbani kwa muda mrefu, kwa sababu kiazi ni kizito na huoza njiani. Jambo lililokibadili kuwa mazao ya biashara ni njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mpemba ipo hapo hapo kwenye njia hiyo, kabla hujafika Tunduma mpakani, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Isongole wilayani Ileje. Mahali penye njia panda ni mahali pa soko.

Wataalamu wa utafiti pale Uyole, Mbeya, nao walifanya kazi yao. Wakulima wazee wa viazi wanayajua majina kama Baraka na Kikondo. Mwaka 2012 zilitolewa aina nyingine zikiwamo Asante na Sherekea, ambazo zilichaguliwa kwa sababu zinaustahimili ukungu kuliko zile za zamani.

KUPONDA SI JAMBO GENI

Wengine watasema viazi vya kuponda ni chakula cha kizungu. Si kweli. Kuponda ni desturi yetu. Wachaga huponda ndizi na nyama wakapata mtori. Majirani zetu Wakikuyu wa Kenya huponda viazi pamoja na mahindi na majani ya maboga, wakakiita mukimo, na mukimo haukosi kwenye harusi. Kila kabila lina mchi wake na mwiko wake.

Kilichofanywa na Wafaransa ni kuongeza siagi. Mpishi wao mmoja, Joël Robuchon, aliyefungua mkahawa mjini Paris mwaka 1981, alijulikana dunia nzima kwa viazi vya kuponda. Siri yake haikuwa uchawi. Kwa kilo 1 ya viazi aliweka robo kilo ya siagi, akatia na maziwa ya moto, akachuja mpaka pasibaki hata donge moja. Siagi, maziwa na kiazi: vitu vyote vitatu mfugaji na mkulima wa nyanda za juu anavyo.

TRUFELI NI KITU GANI

Sasa tuje kwenye hiyo trufeli. Ni uyoga unaokua chini ya ardhi, kwenye mizizi ya miti kama mwaloni. Kwa macho ni donge lenye chunuchunu, jeusi au la rangi ya kahawia, kama kiazi kilichoungua. Thamani yake yote ni harufu. Haionekani juu ya ardhi, kwa hiyo zamani walitumia nguruwe kuinusa, na siku hizi hutumia mbwa. Katika majangwa ya Uarabuni watu huchimba uyoga wa jamii nyingine ya chini ya ardhi baada ya mvua, wakaula tangu kale.

Uyoga huo na mti wake wanategemeana. Uyoga unaupa mti maji na chumvichumvi za udongo, na mti unaupa uyoga sukari iliyotengenezwa na majani. Ukikata mti, uyoga umekwisha.

Mtu aliyegundua namna ya kuizalisha hakuwa profesa, alikuwa mkulima. Mapema katika karne ya 19, kusini ya Ufaransa, Joseph Talon alichukua mbegu za mialoni iliyokuwa na trufeli chini yake akazipanda. Alisubiri miaka. Miti ilipokua, akachimba akakuta trufeli. Baadaye mdudu alipoharibu mashamba yao ya mizabibu, wakulima wengi walifuata njia hiyo na mavuno yakawa makubwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Vijana wa vijijini walikufa kwa wingi, misitu ikakosa watunzaji, na mavuno yakaporomoka. Ujuzi wa shamba hukaa ndani ya watu, na watu wakiondoka, ujuzi nao huondoka.

Na usidanganyike, ndugu yangu. Mafuta mengi yauzwayo kwenye chupa kwa jina la trufeli hayana trufeli. Ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa kemikali ya kuiga harufu. Tajiri naye hupunjwa!

UTAJIRI WA MIOMBO

Sisi hatuna trufeli ya Ufaransa, lakini tuna miombo. Miombo ni msitu wa uyoga. Mizizi ya miti mingi ya miombo inashirikiana na uyoga kwa mkataba ule ule niliousema. Ndiyo maana mvua zikianza akina mama na watoto hutoka na vikapu. Tena upo uyoga wa kichuguu, ambao mchwa ndio wanaoulima. Aina moja ya uyoga wa mchwa, iliyoelezwa kitaalamu kutoka Zambia mwaka 1980, hufikisha kofia yenye upana wa karibu mita 1. Huo ndio uyoga mkubwa kuliko wote unaolika duniani, nao uko kwa majirani zetu ng'ambo ya mpaka.

Lakini msitu unaokatwa kwa mkaa hautoi uyoga. Gunia la mkaa huuzwa mara moja. Uyoga hurudi kila mvua.

CHIKANDA NA MPAKA WA TUNDUMA

Kipo chakula kingine cha chini ya ardhi ambacho historia yake imepita hapa hapa. Majirani zetu wa Zambia wanapenda chikanda. Huchimba vijiazi vya maua ya porini ya jamii ya okidi, huvikausha na kuvitwanga, kisha huvipika na unga wa karanga, chumvi, magadi na pilipili mpaka vigande kama mkate. Ni chakula kitamu na cha heshima. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi wakageukia milima yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba vijiazi vilivyovushwa kwenda Zambia kila mwaka vilikuwa kati ya milioni 2 na milioni 4, na njia kuu ilikuwa Tunduma. Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na sababu mojawapo ni kuyalinda maua hayo.

Tofauti iko wapi? Mchimba chikanda huondoa kijiazi na mmea ukafa. Hapandi. Mkulima wa Andes alichimba kiazi akabakiza mbegu. Talon alichimba trufeli akapanda mwaloni. Kitu kinachochimbwa bila kupandwa kina mwisho, hata kikiwa na soko zuri namna gani.

FAIDA ANAPATA NANI

Turudi kwenye sahani yetu. Kiazi kinachoondoka Mpemba juu ya lori, ni nani anayekipima? Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Lakini bado iko lumbesa, gunia lenye kichwa. Hebu tupige hesabu. Gunia likiwa na kilo 130 nawe ukalipwa la 100, umetoa kilo 30 bure. Kwa magunia 10 umetoa kilo 300, yaani magunia matatu mazima. Hiyo ni karo ya mtoto. Mizani katika chama cha ushirika ina faida kuliko malalamiko kando ya barabara.

TUPIKE NYUMBANI

Mwisho, akina mama na akina baba, tujipikie wenyewe. Chagua viazi vya unga, visivyo na rangi ya kijani, maana kijani ile ni dalili ya sumu. Vichemshe na maganda yake, ukianza na maji baridi yenye chumvi. Vikiiva mwaga maji, menya, rudisha sufuria motoni kidogo unyevu utoke. Ponda vikiwa moto kwa mwiko. Usivitwange sana kwenye kinu, vitanata kama gundi. Tia siagi kwanza, halafu maziwa ya moto kidogo kidogo.

Sasa harufu. Chukua uyoga uliokauka vizuri, usage uwe unga, uukaange polepole ndani ya samli mpaka uive, kisha mimina juu ya viazi na uchanganye. Utasikia harufu ya msitu. Lakini angalia sana: tumia uyoga unaojulikana na wazee wa mahali pako tu. Sumu ya uyoga mbaya haiondoki kwa kuchemsha, na usiseme ni salama kwa sababu umeona wadudu wakiula.

Basi, ndugu mkulima, umesikia. Badilisha mbegu, tunza miombo, panda unachochimba, na pima unachouza. Mgeni akija Mpemba akaulizia chakula cha hotelini, mpe kiazi chako na uyoga wako, umweleze na historia yake.